Mguu haushikwi

Valvu ya tyubu ya baiskeli ukiiweka kiganjani ni kama punje ya mchele iliyovikwa shaba. Ikikuponyoka kwenye mchanga wa uani, isamehe tu, maana hata sumaku haishiki shaba. Jumamosi ile sikuiangusha mimi. Nilikuta gurudumu la kushoto la kiti limelala bapa. Nikainama kutafuta mwiba, nikapapasa tairi lote kwa dole gumba, nisione kitu. Ndipo nikatazama valvu. Kofia yake ipo, imekazwa vizuri. Ndani, patupu.

Aliyefanya hivi alifungua kofia, akatoa valvu, kisha akairudisha kofia mahali pake. Mtoto mwenye hasira za ghafla hutoboa tairi kwa msumari. Huyu hasira zake alikaa nazo, akazipanga.

Nikamtazama mwenye kiti. Yeye akatazama ukuta.

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko Kisauni, Mombasa. Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, huenda kwenye makao fulani ya watoto kutengeneza viti vya magurudumu. Jina la makao sitalitaja, wala la mtoto yeyote. Viti viko 11 na kazi ni ile ile ya kurudiarudia. Chumvi ya bahari hula beringi, mchanga huingia kwenye vigurudumu vidogo vya mbele, na viti vingi vya msaada vilibuniwa vitembee kwenye sakafu ya hospitali. Ua wetu ni kifusi cha matumbawe. Malipo yangu ni chai ya maziwa, mahamri mawili, na mbaazi kama zimebaki. Thawabu naitaka, sikatai. Ila mguu wangu wa kushoto ulinyauka kwa polio kabla sijajua kusema, na mle ndani hakuna anayegeuka kunitazama ninavyotembea. Watoto huniita Mjomba Fundi.

Mwenye kiti ni msichana wa miaka 12, aliyezaliwa na mgongo wazi. Wenzake humwita Nahodha kwa sababu ya kelele zake. Anayemsukuma ni mvulana kiziwi, mkubwa wake kidogo, nao wamempa jina la Injini. Wakipita unasikia amri tupu: pisheni, ondoa hiyo ndoo, nani kaacha sapatu hapa! Amri hizo ni zetu sisi wenye masikio. Injini yeye huongozwa kwa mkono ulioinuliwa juu ya bega.

Mazungumzo yao yanahitaji maelezo kidogo. Anayesukumwa humpa msukumaji kisogo. Nahodha akiinua mikono, Injini anaiona: kulia, kushoto, simama, shimo. Lakini Injini akitaka kujibu, lazima asimame, afunge breki, azunguke hadi mbele ya kiti, ndipo aseme. Safari nzima basi huwa ni hotuba ya mtu mmoja. Wakiketi uso kwa uso mambo hugeuka, kwa sababu Injini akichoka na maneno hufumba macho, na hapo umekwisha. Sijaona mlango unaobamizwa ukashinda ule. Nimewahi kushuhudia wasichana wakubwa wakimfungua kope kwa vidole ili wamalizie matusi yao.

Ishara Injini alizipata shuleni, Nahodha akazipata kwake, jioni, chini ya taa ya varanda. Walezi wanajua nne tu: kula, lala, koga, njoo. Katiba yetu ya 2010 imeifanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Maana yake mheshimiwa ana haki kamili ya kugombana kwa ishara kule Nairobi. Mtoto wa Kisauni anaambiwa alale.

Na hili neno yatima. Kwa desturi yetu ya Pwani, yatima ni aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe. Kwenye makao neno limetanuka. Nahodha alifiwa na wazazi wote wawili. Injini baba yake alikufa, mama yupo mahali, hakuna ajuaye wapi. Wengine mama zao wako hai kabisa, huja Idi na begi la nguo, hulia, huondoka, kwa sababu nepi na dawa na nauli ya hospitali viliwashinda. Wageni wanaoleta mchele hawaulizi, nasi hatuwasahihishi.

Wageni ndio walioleta ugomvi wenyewe, bila kujua. Walikuja Jumapili moja, wakamuuliza kila mtoto zawadi anayoitaka safari ijayo. Kwa Injini wakauliza juu ya kichwa chake: "Na huyu anataka nini?" Nahodha akajibu bila hata kugeuka: "Mpira."

Injini alitaka saa ya mkono. Kengele ya chakula haisikii, na kila siku hufika uji umeshafanya utando. Nahodha alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyeambiwa.

Mpira ulikuja. Injini akaupokea kwa mikono miwili, akapigwa picha. Picha ile nimeiona, imebandikwa ofisini. Anacheka.

Siku chache baadaye mtoto mwingine alimweleza ilivyokuwa. Alasiri hiyo Injini alimsukuma Nahodha hadi nyuma ya stoo, akamwegesha uso ukutani, akafunga breki zote mbili, akaenda zake. Kwenye saruji Nahodha hujisukuma mwenyewe. Kule stoo ni mchanga, vigurudumu vya mbele huzama. Alikaa pale hadi karibu na Magharibi. Asiyejua ataona ni utani wa kitoto. Wengi waliozaliwa na mgongo wazi hawasikii makalio yao. Wewe ukikaa unajisogeza bila kujua, mwili unakukumbusha. Wao lazima wakumbuke kwa akili, wajiinue kwa mikono kila baada ya muda mfupi, la sivyo ngozi hukosa damu na kufa, na kidonda cha kukaa chaweza kumlaza mtu miezi. Jioni ile walikuta alama nyekundu upana wa kiganja.

Nahodha naye hakukawia. Injini alipopelekwa zahanati na jino, yeye akakataa kwenda kumtafsiria. Injini akarudi na dawa ya tumbo.

Ndipo valvu ikapotea.

Matroni wa pale ni mama mwema, nisieleweke vibaya. Analea watoto 40 na mshahara unachelewa. Lakini ana dawa moja kwa magomvi yote. "Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana," akasema. "Haya, shikaneni mikono, ombaneni msamaha, yaishe, chakula kinapoa." Akaitwaa mikono ya Injini akaiweka ndani ya mikono ya Nahodha, akaifunika kwa yake. Nahodha akasema "nisamehe" kwa sauti ya kusoma ubao. Alikuwa anamwambia nani? Mabega ya Injini yakawa yanatikisika, kidevu kinapanda na kushuka, na mimi nimesimama hapo na pampu mkononi nikidhani mtoto analia.

Mikono yake ilikuwa imeshikwa. Kiziwi ukimshika mikono umemziba mdomo. Tulimtaka aombe msamaha huku tumemziba mdomo, na ulipopita muda wa kutosha tukamwachia, tukasema wamepatana. Ni miaka mingapi nimekuwa nikiwaona watu wazima wakifanya hivi, mimi nikiwa mmoja wao?

Chakula kikaliwa. Valvu haikuonekana. Nikatia nyingine kutoka mfukoni, nikajaza upepo, na nilikuwa nakusanya spana zangu niondoke wakati msichana mmoja mkubwa aliponiambia: "Mjomba, ngoja Alasiri. Kuna kesi."

Kesi za watoto wale huketi chini ya mwarobaini. Hakimu ni huyo msichana mwenyewe, ana miaka 16, ana ualbino, na kofia yake ya ukindu ni pana kuliko mabega. Kwa ajili ya ngozi yake korti huhama na kivuli. Jua likisogea, hakimu husogea, na mashahidi wote, viti, magongo na mkeka, husogea naye. Kesi ndefu huanza upande wa jikoni na kuishia karibu na lango.

Sheria yao ni moja tu, na sikuijua ingawa nimeingia mle miaka na miaka. Mguu haushikwi. Mguu kwao si nyama na mfupa. Kiti ni mguu, gongo ni mguu, fimbo nyeupe, kalipa (chuma cha mguu), kifaa cha kusikia, mkanda unaomzuia asianguke yule mdogo mwenye mtindio wa ubongo. Tukaneni, nyang'anyaneni mahamri, nunianeni mwezi mzima, lakini mguu wa mtu haushikwi. Inasemekana ilianza usiku mmoja wavulana walipoficha gongo la mwenzao kwa mzaha, naye akatambaa hadi chooni gizani. Waliomsikia akitambaa ndio walioitunga.

Injini hakungoja kuulizwa. Alifungua fundo kwenye pindo la shati, akaiweka valvu juu ya mkeka. Mvulana mmoja anayejua ishara kiasi akawa anamtafsiria. Ndiyo, nilitoa mimi. Ndiyo, na ukutani nilimweka mimi. Kisha akauliza jambo, akalirudia, kwa sababu mkalimani hakuamini kama ameelewa sawa.

"Anasema, na mdomo wangu je? Mdomo si mguu?"

Hapo korti ikachafuka. Mmoja akasema mdomo si kiti, haununuliwi. Mwingine akasema mimi nikiazima gongo lako niende nitakako, ni sawa? Mdogo mmoja, ambaye naamini alikuja kwa ajili ya kivuli tu, akasema kama mdomo ni mguu basi matroni ana kesi nyingi. Walicheka mpaka hakimu akagonga mkeka kwa kandambili.

Nahodha alijitetea vizuri, lazima nikiri. Saa ni ghali, akasema. Wageni wakiombwa vitu ghali hununa, na wakinuna hawarudi, na wasiporudi sote hatupati sabuni. Alifikiria makao yote. Niliona baadhi yao wakitikisa kichwa kukubali, mimi pia.

"Ulimuuliza?" hakimu akasema.

Akakaa kimya. Kisha: "Nilijua atakataa."

Injini alitozwa mahamri ya Jumamosi mbili. Nahodha tatu. Nahodha akapiga kelele kwamba yeye ndiye aliyekaa ukutani, na hakimu akamwambia valvu imerudi, kidonda hakikutokea, lakini ile picha iko ofisini mpaka leo. Nilitarajia sasa watashikana mikono. Hakuna aliyewaambia washikane. Kivuli kilikuwa kimefika langoni, wakatawanyika.

Nilirudi kibandani polepole kuliko kawaida. Mimi nililelewa bweni, shule ya watoto walemavu, miaka ya sabini, na nilikuwa na rafiki. Sote wawili tulivaa kalipa, vyuma vya miguu vyenye mikanda ya ngozi. Tuligombana juu ya kitu nisichokikumbuka tena. Ninachokumbuka ni kwamba wiki ya kufunga shule nilichomoa mkanda wa goti wa kalipa yake, nikaficha chini ya godoro langu. Alikwenda kupanda basi amefunga goti kwa kamba ya katani. Nilimwona dirishani. Muhula uliofuata hakurudi, wakasema amechukuliwa na jamaa zake bara. Mkanda ule nilikaa nao mpaka panya walipoula.

Nahodha na Injini hawakusemezana siku tisa. Niliambiwa, maana nilikuwa nauliza. Lakini asubuhi ya kwanza tu Injini alikuwa kwenye mipini ya kiti kwa wakati, akamsukuma hadi shule, akamrudisha, akamwegesha kivulini, uso uani. Bila neno. Kununa kwa namna hiyo sikuwahi kukujua. Nilipokuwa mtoto, kununa kulimaanisha umeondoka.

Jumamosi ya kwanza mahamri yalilipwa yote, mazima, mbele ya mashahidi. Ya pili yalilipwa, ila niliona nusu zikirudi chini ya meza. Ya tatu sikufuatilia. Mpira nao ulitoweka. Nahodha alikuwa ameuuza kwa kijana wa mtaani, langoni, kwa saa ya plastiki yenye ufa kwenye kioo, na wanaojua wanasema kabla ya kukubali bei alimgeukia Injini mara tatu kumuuliza, hadi yule kijana akataka kughairi.

Mimi nilichangia kioo. Nilikuwa nacho kibandani, kioo cha bodaboda kilichobaki peke yake baada ya mwenzake kuvunjika. Nikakifunga kwenye mkono wa kiti, kwa kibanio cha bomba na spana namba 10, nikakielekeza juu na nyuma. Matroni nilimwambia ni kwa usalama barabarani. Kwa kweli nilitaka Nahodha amwone Injini. Sasa Injini husukuma kwa mkono mmoja na kujibu kwa mwingine. Nusu ya maneno hupotea, kama redio ya zamani, lakini hupati tena hotuba ya mtu mmoja. Wanabishana kutoka lango hadi shule na kutoka shule hadi lango. Wiki mbili baadaye matroni akanilaumu: "Fundi, umetuletea kelele." Hakuna hata sauti iliyokuwa ikitoka, lakini nilimwelewa.

Mwaka huu afisa wa watoto alikuja na mafaili. Tangu Novemba 2017 serikali ilisitisha kusajili makao mapya, ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, na mwaka huo huo mkakati wa miaka 10, hadi 2032, wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha kwa jamaa au familia za kuwalea. Naunga mkono. Vitanda 40 chini ya paa moja la mabati si nyumba, hata matroni angekuwa malaika. Injini amepatikana kwa shangazi yake, Kwale, na kule kuna shule ya viziwi. Mtoto aliyekuwa akikosa uji kwa sababu ya kengele atakuwa mahali ambapo kila mtu anaongea kwa mikono. Nani apinge?

Ila nililiona faili likijazwa. Kuna mahali pa baba, mama, bibi, babu. Kuna mahali pa ndugu, na ni haki, maana hata mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 juu ya malezi mbadala unataka ndugu wasitenganishwe ovyo. Nikamuuliza afisa, kijana mpole, amechoka, ana mafaili mengine kwapani: rafiki anaandikwa wapi? Akageuza karatasi, akaigeuza tena. "Maoni mengineyo," akasema. Mstari wenyewe ni urefu wa kidole. Aliandika namba ya simu ya makao na neno moja, Nahodha, na mimi nikamtajia herufi kana kwamba ni jina halisi.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza hadi feri ya Likoni, mimi, matroni, na Nahodha, kiti kimefungwa juu ya keria ya matatu. Shangazi alikuwa ng'ambo akingoja. Abiria wa miguu hawalipi, kwa hiyo banda la kungojea feri lilikuwa limefurika kama kawaida ya asubuhi, magunia, wanafunzi, kuku kwenye tenga. Injini alimsukuma Nahodha hadi karibu na geti, pale mteremko unapoanzia, akafunga breki.

Wakaanza. Mimi ishara zangu ni za kuokoteza, lakini nilielewa. Injini alitaka kioo. Kioo ni chake, ndiye anayekitumia, yeye ndiye anayeonekana ndani yake. Nahodha akajibu kwa mikono yote miwili juu ya kichwa, kubwa, banda zima lione: kimefungwa kwenye kiti, na mguu haushikwi. Injini akasema jambo lililomfanya Nahodha ageuke nusu. Nahodha akasema jambo refu. Matroni alinyoosha mikono kuwashika. Nikamvuta ushungi.

Injini akafumba macho.

Nahodha hakupiga kelele. Aliirudisha mikono mapajani, akajiinua kidogo kwenye kiti kama anavyotakiwa, akaketi tena, akamtazama kiooni. Honi ya feri ikalia, watu wakasimama. Geti likafunguliwa, tenga la kuku likatugonga, mtu akasema pisheni nyie na hicho kiti, umati ukaanza kuteremka. Saa yenye ufa ilikuwa kwenye mkono wa Injini, mkono uko kwenye mpini. Nahodha bado anatazama kiooni.

Akafungua jicho moja.